Mara Sita Aliangalia Saa

Kwa miaka thelathini na moja Lavonne Hajek alikaa nyuma ya dirisha la kioo katika kliniki ya Dokta Orville Kubat, hapa Zelenka, Nebraska, na katika miaka yote hiyo hakutoa siri ya mtu hata mmoja. Alijua ni mkulima gani aliyerudi na kisonono kutoka kwenye maonyesho ya ng'ombe. Alijua ni bibi gani wa kwaya aliyekunywa konyaki kabla ya ibada. Jumapili, baada ya misa, wanawake walipoanza kunong'onezana juu ya sinia la maandazi ya kolache, yeye aliinuka akaenda kuosha vikombe. Watu walimpa jina la Kabati. Walilisema kwa utani, lakini walipougua walishukuru kwamba lipo.

Hakuolewa. Aliishi na mama yake, Albina, katika nyumba ndogo nyuma ya ghala la mahindi, mpaka mama huyo alipofariki Novemba ya mwaka 2009 kwa saratani ya mifupa. Mdogo wake, Marlys, alikuwa akiishi Omaha na alikuja mara moja kwa mwezi, akiwa na maua na hasira.

Kazi ya Lavonne ilikuwa kupokea wagonjwa, kujibu simu, na kuandika. Dokta Kubat hakugusa kompyuta. Alizungumza kwenye kinasa sauti kidogo alichokiweka mfukoni mwa koti, na saa sita mchana, mlango ukifungwa kwa chakula, Lavonne alivaa visikilizio, akaweka mguu kwenye kikanyagio cha kusimamisha na kuendesha kanda, akaandika kila neno. Barua kwa hospitali, maelezo ya mafaili, hata salamu za Krismasi kwa wagonjwa. Daktari alisema, naye akaandika. Hakuna siku aliyoacha neno.

Jumatatu moja ya Februari 2010, mzee Delmar Vanek aliingia akipangusa theluji kwenye viatu, akaegemea dirisha.

"Lavonne, dokta wako ameingia kwenye mtandao. Mjukuu wangu kanionyesha. Wagonjwa wanawapa madaktari nyota, kama hoteli."

"Kapata ngapi?"

"Moja. Hata ile moteli ya barabara kuu yenye kunguni ina mbili."

Alicheka mpaka akakohoa. Lavonne naye akatabasamu kwa adabu, akampa fomu ya sukari, akasubiri aende kuketi. Kisha akaifungua tovuti ile.

Jina la daktari lilikuwa pale, na picha ya zamani iliyochukuliwa sijui wapi, na chini yake maoni manne ya miaka miwili. Mmoja alilalamika kwamba magazeti ya chumba cha kusubiri yamezeeka. Mwingine alisema hakupewa vidonge vya mafua alivyovitaka. Wa tatu alisifu maegesho. Maoni ya nne yalikuwa ya juzi, hayana jina:

*Mama yangu alikuwa anateseka kwa maumivu. Daktari huyu alisimama mlangoni mwa chumba, mbali, wala hakumgusa. Kwa dakika kumi aliangalia saa yake mara sita. Kisha akasema haongezi dawa, akaondoka. Kama ana haraka ya kwenda kula, astaafu.*

Lavonne aliyasoma mara moja tu.

Mara sita. Hiyo hesabu ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyekuwa kando ya kitanda alasiri ile ya Novemba, akishika mkono wa mama, na kwa kuwa hakuweza kuutazama uso wa mama alimtazama daktari. Alimwona akiangalia saa. Akamwona tena. Akaanza kuhesabu. Na jioni ile, kwenye simu, huku akilia, alimwambia Marlys: "Aliangalia saa mara sita, Marlys. Mara sita." Ndiyo siri pekee iliyowahi kutoka kwenye kabati lile, na ilikuwa ya nyumbani kwake mwenyewe.

Alimpigia mdogo wake kutoka stoo ya vifaa, akiwa amesimama katikati ya maboksi ya glovu.

"Futa."

"Nifute nini?"

"Usinifanye mjinga. Ile uliyoandika. Futa leo."

"Ni uongo?"

Lavonne akausukuma mlango wa stoo kwa mguu, ukafungika.

"Nimekuuliza, dada. Ni uongo?"

"Nilikuambia wewe. Sikuiambia dunia."

"Miaka thelathini na moja umekaa kwenye dirisha unamlinda Orville Kubat," Marlys akasema. "Mama alilindwa na nani?" Akakata simu.

*

Kufikia Jumanne mji mzima ulikuwa umesoma. Wanawake wawili walipiga simu kuahirisha miadi, mmoja akasema gari limegoma, mwingine hakujisumbua hata kutafuta sababu. Dokta Kubat alipata nakala iliyochapishwa kutoka kwa mkewe. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye miaka sitini na sita, na Lavonne hakuwahi kumwona akipiga meza. Siku hiyo aliipiga.

"Wagonjwa elfu tatu tangu nianze," alisema. "Wanne wameandika. Mmoja kwa sababu ya magazeti! Nikimpa kila mtu kidonge anachokitaka nitapata nyota tano, na nusu ya mji huu watakuwa walevi wa dawa. Na mimi nijibu vipi? Siruhusiwi hata kukubali kwamba mtu fulani ni mgonjwa wangu. Yeye anasema lolote bila jina. Mimi nina jina, nina picha, na nimefungwa mdomo."

"Ndiyo, Dokta."

"Unajua ni nani?"

Kabla Lavonne hajajibu, daktari alijibu mwenyewe.

"Rodney Pokorny."

Ardith Pokorny, mama yake Rodney, alikuwa na mgongo uliovunjika vibaya na alipewa vidonge vikali vya maumivu. Tangu Desemba vidonge hivyo vilikuwa vinaisha wiki mbili kabla ya siku yake, huku mama akiendelea kulia kwa maumivu. Januari daktari alikataa kuongeza, akapanga muuguzi awe anampelekea Ardith dozi ya kila siku mkononi. Rodney alikuja akapiga kelele mpaka kioo cha dirisha la Lavonne kikatetemeka. Mtu yeyote angedhani ni yeye.

Hapo ndipo Lavonne alipaswa kusema. Hakusema. Alisema tu, "Sijui, Dokta," na huo ukawa uongo wa kwanza kumwambia.

Jumatano zilifika karatasi. Kampuni moja ya mashariki ilikuwa ikiwauzia madaktari mkataba: mgonjwa anatia sahihi kwamba hataandika habari za daktari wake popote kwenye mtandao, zuri wala baya. Daktari aliagiza kila anayeingia atie sahihi kabla ya kuonwa. "Anza na wewe," alimwambia Lavonne, "ili wakiuliza uwaambie umesaini." Naye Lavonne, ambaye daktari huyo ndiye aliyempima presha kila miezi mitatu, akatia sahihi, akaiweka karatasi yake ya kwanza kabisa kwenye faili jipya.

Delmar ndiye aliyemfuatia. Aliisoma huku akiitembeza miwani juu ya pua.

"Nimefuata dawa ya sukari, mama. Siyo kuuza shamba."

"Ni utaratibu mpya tu, mzee Delmar."

"Hapa pameandikwa nisiseme hata zuri. Kwa hiyo nikitaka kumsifu?"

"Hujawahi kumsifu mtu tangu nikujue."

"Sawa, lakini ningependa kubaki na uwezo." Watu wa kwenye viti wakacheka. Yeye hakucheka. Alimtazama Lavonne kupitia kioo, akasema kwa sauti ya chini, "Huyu mtu alimzalisha binti yangu kwenye trekta wakati wa tufani. Leo ananiogopa mimi?"

Akatia sahihi, kwa sababu dawa yake ilikuwa imekwisha, akaambiwa arudi kesho yake saa saba kupimwa. Wengine wanne waliondoka bila kuonwa. Kliniki nyingine ya karibu ilikuwa mwendo wa saa nzima, na barabara ilikuwa barafu.

*

Alhamisi, saa sita kasorobo, Dokta Kubat aliweka kanda juu ya meza ya Lavonne.

"Hii usiiweke kwenye faili. Nimeuliza, wanasema daktari anaweza kuandika jibu chini ya maoni. Iandike, iweke kabla ya kufungua saa saba."

"Bodi ya madaktari, Dokta..."

"Andika, Lavonne."

Akaingia ofisini kwake na mkate wake wa nyama, akafunga mlango.

Lavonne alivaa visikilizio. Akakanyaga. Sauti aliyoizoea kuliko sauti ya mtu mwingine yeyote aliye hai ilianza polepole, ikikohoa kwanza kama kawaida yake.

*Aliyeandika haya ni mtoto wa mgonjwa wangu. Sikumnyima mama yake dawa. Nilimnyima yeye. Vidonge vya mama vilikuwa vikiisha kabla ya siku, na watu wa Zelenka wanajua ni nani aliyekuwa akivimeza. Mama huyo sasa anapata dozi yake kwa mkono wa muuguzi, na hali yake...*

Akaachia kikanyagio. Sauti ikakatika.

Kwenye skrini sanduku jeupe lilikuwa wazi na mshale ukipepesa. Alikuwa ameandika mpaka neno "akivimeza", vidole vyake vikifuata sauti kama vilivyofanya miaka yote bila kumwuliza. Aliyatazama maneno hayo. Mji una watu mia nane. Hakuna ambaye asingejua kwamba ni Rodney, na kwamba mgonjwa ni Ardith, ambaye kila Alhamisi bado alipaka midomo rangi kwenda kucheza karata parokiani na kuwaambia wenzake kwamba mwanawe anamtunza vizuri. Rodney, ambaye safari hii hakuwa ameandika lolote. Mwaka uliotangulia daktari wa kaunti ya jirani aliwahi kumjibu mgonjwa kwa sentensi mbili tu za hasira, na leseni yake ikasimamishwa. Hizi tayari zilikuwa nne, na kanda haijaisha. Zikitoka, Dokta Kubat hatakuwa daktari tena, na mlango huu utafungwa, na Delmar atafuata sukari yake mwendo wa saa nzima kwenye barafu.

Zingetoka kwa kidole chake yeye.

Saa ya ukutani ilionyesha sita na dakika ishirini. Alivua visikilizio. Alisimama, akaketi, akasimama tena. Kisha akaenda kubisha mlango ambao kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kuubisha wakati wa chakula.

"Umemaliza?" daktari akauliza bila kuinua uso.

"Sikuiandika yote."

"Kanda imekwama?"

"Hapana, Dokta. Mimi ndiye nimekwama." Alishika kitasa nyuma ya mgongo wake. "Siyo Rodney."

"Ni Rodney. Nani mwingine ninayemnyima dawa ya mama yake?"

"Mama yangu."

Daktari aliweka mkate chini.

"Ni Marlys ameandika," Lavonne akasema, na sasa maneno yalimtoka kwa kasi asiyoijua. "Lakini hakuwepo siku ile, nilikuwepo mimi. Mimi nilimwambia. Nilimwambia ulisimama mlangoni, hukumgusa mama, na uliangalia saa. Nilihesabu. Kama unataka kumfukuza mtu nifukuze mimi, lakini usimtaje Ardith Pokorny, hajakukosea kitu, wala mtoto wake hajaandika, na ile karatasi..."

Hapo alimwona. Daktari alikuwa ameketi kimya, macho yake yakiwa kifuani mwa Lavonne, si usoni, kisha yakashuka kwenye saa ya mkononi. Yakapanda. Yakashuka tena.

Lavonne akakiachia kitasa.

"Hata sasa!" alipiga kelele. "Hata sasa, Orville! Nakuambia mambo ya mama yangu na wewe unaangalia saa!"

Hakuwahi kumwita kwa jina lile.

"Thelathini," daktari akasema.

"Nini?"

"Pumzi zako. Kwa dakika. Mtu mzima aliyesimama tu ni kumi na tano, kumi na nane. Umekuwa mweupe kama karatasi na una presha. Kaa chini, Lavonne, kabla hujaanguka kwenye ile kona ya kabati."

Akakaa.

"Ndivyo tunavyofanya," daktari akasema. Sauti yake haikuwa na hasira tena. "Mapigo unashika mkono, kila mtu anaona. Pumzi huwezi kumwambia mtu unamhesabia. Akijua tu, anaibadili, anavuta ndefu, anavuta fupi. Kwa hiyo unasimama mbali, unajifanya huna habari, unatazama kifua na saa. Nimefanya hivyo kila siku tangu chuoni. Sikumbuki tena kama nafanya."

"Na mama?"

Hakuhitaji faili. "Albina alikuwa amepewa mofini saa tisa. Mimi nilifika saa kumi. Dawa ile inapunguza maumivu na inapunguza pumzi, vyote pamoja. Nikahesabu: tisa. Sikuamini, nikahesabu tena: nane. Nilitaka kuongeza, Lavonne. Alikuwa akiugulia usingizini, nilimsikia. Nikasema labda nimekosea, nikahesabu tena. Mara ya mwisho zilikuwa saba. Ningeongeza kidogo tu, ningekuwa nimemuua mimi, mbele yako."

"Mara sita," Lavonne akasema.

"Kama ulihesabu, basi ni sita."

Nje, mtu alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha gari.

"Kwa nini hukusema?"

"Nimekuambia, mgonjwa akijua anahesabiwa..."

"Mama alikuwa amelala, Dokta." Sauti ya Lavonne ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Mimi ndiye nilikuwa macho. Mimi ungeniambia. Ulisema 'siongezi dawa', ukavaa kofia, ukaondoka. Miezi mitatu nimekuja hapa kila asubuhi nikikuandikia barua, na kila nikisikia sauti yako masikioni nilikuwa nauliza, alikuwa na haraka ya kwenda wapi."

Daktari akausogeza mkate pembeni.

"Naweza kumwambia Marlys haya?" aliuliza.

"Mimi ndiye msimamizi wa mambo ya mama. Nikitia sahihi unaweza. Nimekwisha kuiandaa fomu." Alikuwa ameiandaa Jumanne, akaificha chini ya kalenda. "Lakini hataki kukusikia wewe. Atanisikia mimi. Na wale waliosoma hawatakusikia pia, kwa sababu kule kwenye mtandao huwezi kusema neno."

"Ndivyo nilivyosema tangu mwanzo. Tovuti hizi ni mahakama ambayo mshtakiwa haruhusiwi kuzungumza."

"Mimi naruhusiwa. Ni mama yangu. Naweza kuandika kwa jina langu." Aligeuka kutazama mapokezi. "Ningeweza."

Daktari alimtazama, asielewe. Kisha akaelewa. Aliinuka, akatoka hadi mapokezi, akafungua faili jipya. Karatasi ya Lavonne ilikuwa ya kwanza. Chini yake ilikuwa ya Delmar, na chini ya Delmar watu kumi na saba wengine, wengi wao watu ambao aliwapokelea watoto wakizaliwa au kuwazikia wazee, wote wakiwa wameahidi kwa sahihi kwamba hawatasema juu yake hata zuri.

Alisimama na faili lile muda mrefu. Lavonne aliyekuwa amemfuata alidhani ataitoa ya kwanza tu. Daktari alizitoa zote, akaziingiza moja moja kwenye mashine ya kukatakata karatasi, na mashine ile ya zamani ikanguruma mpaka ya mwisho.

Lavonne alirudi kwenye kiti chake. Alifuta yale maneno mpaka sanduku likawa jeupe tupu. Kanda aliirudisha mwanzo, akabonyeza kitufe cha kurekodi bila kusema kitu, ikajaa kimya. Halafu akaandika. Kwa mara ya kwanza kwenye meza ile vidole vyake havikumfuata mtu, kwa hiyo vilikwenda polepole. Aliandika jina lake lote, jina la mama yake, na tarehe. Aliandika kwamba daktari aliangalia saa mara sita, na kwamba aliyehesabu ni yeye Lavonne, lakini hakujua anahesabu nini. Aliandika tisa, nane, na saba.

Daktari alikuwa nyuma yake, akisoma juu ya bega, jambo ambalo mtu mwingine angelikataza.

"Sasa wanataka nyota," Lavonne akasema.

Akabonyeza. Daktari akasogea karibu na skrini, akavaa miwani.

"Tatu?"

"Tatu."

"Baada ya yote hayo, tatu?"

"Hukuniambia," Lavonne akasema, akabonyeza kutuma.

Daktari aliivua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa tena, kama vile labda zingeongezeka. Kisha akaangalia saa yake. Ilikuwa saa saba kamili, na mlangoni Delmar alikuwa ameshaanza kugonga kioo.